Mlaji Asiyerudi: Sahani ya Barabara Kuu Nyanda za Juu Kusini

Katika jimbo la Florida, Marekani, kuna kijiji kiitwacho Harambe ambacho hajapata kuzaliwa mtu ndani yake. Kuta zake zimechubuliwa makusudi zifanane na za mji mkongwe wa Pwani ya Afrika Mashariki, na mabango yake yana maneno ya Kiswahili. Kampuni ya Disney ilikijenga ndani ya bustani yake ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998. Humo kuna mgahawa uitwao Tusker House. Bata Donald, kavaa nguo za safari, hupita meza kwa meza akikumbatia watoto na kupiga nao picha huku wazazi wakila. Mtu mzima mmoja hulipa makumi ya dola.

Familia zinazorudi kwenye migahawa ya namna hiyo baada ya miaka kadhaa huwa na manung'uniko yanayofanana: bei imepanda, chakula kimeshuka. Mayai yamepoa, nyama imekaushwa na taa za kupashia joto, na vyakula vya mgahawa mmoja havitofautiani tena na vya mwingine. Sababu wala haijajificha. Mgeni amekwisha lipa kiingilio getini, karibu naye hakuna mama lishe wa kumkimbilia, na mtoto amemjia Donald. Mpishi akipika vizuri, meza zitajaa. Akipika vibaya, meza zitajaa.

Mbeya na Iringa hazina Donald. Zina basi.

Barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ile ambayo wengi bado wanaiita TANZAM, huingia Mkoa wa Iringa kwenye daraja la Ruaha Mbuyuni, hupanda mlima Kitonga, hupita Ilula, hugusa Ipogolo chini ya mji wa Iringa, kisha hushika Ifunda, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi na Uyole hadi Mbeya mjini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi linaloondoka Dar saa 12 alfajiri hufika Mbeya usiku umeingia, na katika siku nzima hiyo abiria hupewa nafasi moja ya maana ya kukaa na kula. Hachagui pahali wala saa. Basi linakunja kona, linaingia kwenye uwanja wa changarawe, mlango unafunguliwa, na konda anapaza sauti: dakika kumi, jamani, dakika kumi, ukiachwa usilaumu!

Katika dakika hizo kumi abiria ana foleni mbili za kupanga. Ya kwanza ni ya choo, kwa kuwa kuchimba dawa porini kumepigwa marufuku, na kwa haki kabisa. Ya pili ni ya chakula. Akifika dirishani amebakiwa na dakika nne au tano. Anaonyesha kidole, anapakuliwa, ndipo anatajiwa bei. Nyuma yake watu 20 wanasukumana. Kurudisha sahani hawezi, na basi tayari linanguruma. Wali anaukuta mkavu juu na bokoboko chini. Kuku ana ngozi ya dhahabu na mfupa wenye ubaridi. Chipsi zimelegea, zinateleza mafuta. Anakula robo, nyingine anaifungia kwenye karatasi ya fedha, anarudi kitini na harufu yake. Kesho yake mgahawa ule utapokea mabasi mengine yenye watu wengine, na wala hautagundua kwamba yeye hakuridhika.

Hayo yangekuwa ya kuvumilika kama yangetokea jangwani. Yanatokea kwenye ghala la chakula la taifa. Katika miaka ya 1980 Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma zilitambulika kama mikoa minne mikubwa kwa mahindi, na hadi leo, baada ya Njombe kumegwa kutoka Iringa na Songwe kumegwa kutoka Mbeya, ukanda huu ndio unaobeba matumbo ya miji. Abiria akiangalia dirishani anaona kwa macho yake kile asichokipata kwenye sahani. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimerundikwa kando ya lami. Ilula ni matenga ya nyanya. Nyakati za mvua, wanawake na watoto husimama ukingoni mwa barabara wakiwa wameinua vyombo vya uyoga uliochumwa asubuhi. Kutoka Igawa kwenda Igurusi kunatandaa bonde la Usangu na mpunga wake wa Mbarali, ukiwamo wa mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga. Anayeendelea hadi Uyole na kukata kushoto kuelekea Tukuyu atapita Kiwira, penye mikungu ya ndizi iliyopangwa hadi karibu ya magurudumu, kabla ya kuteremka Kyela, kwenye mchele ambao harufu yake humtangazia jirani kwamba leo nyumba hii kuna mgeni.

Uyole penyewe kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, ambacho kimetoa mbegu za maharage kama Uyole 96 na Njano Uyole, zinazoiva vizuri na kutoa mchuzi mzito. Watafiti wamefanya kazi ya miaka ili maharage ya wali yawe matamu, kisha mgahawa ulio kandokando ya barabara hiyohiyo unayachemsha kwa maji na chumvi, unayaacha jikoni tangu asubuhi, na abiria anayapokea yamegeuka uji.

Au tuchukue kitu kidogo kuliko hicho, chupa ya sosi ya nyanya. Iringa ina kiwanda kinachotengeneza sosi za Dabaga, jina linalofahamika kwenye meza za nchi nzima. Nyanya za Ilula ziko umbali wa chini ya saa moja kutoka mjini. Na bado, kwenye meza nyingi za njiani, katika mkoa huohuo, kinachowekwa mbele ya mlaji ni chupa ya plastiki isiyo na lebo, ndani yake maji mekundu yenye sukari na siki. Mwenye mgahawa amepiga hesabu: abiria atakayekula leo hatarudi kesho kuuliza sosi ile ilikuwa ya wapi.

Namna sahani inavyoharibika inastahili kuelezwa hatua kwa hatua, maana watu wengi humlaumu mpishi, na mpishi mara nyingi anajua kupika. Tatizo lake ni saa. Kwa miaka mingi mabasi ya masafa marefu yalizuiwa kusafiri usiku, kwa hiyo karibu yote yaliondoka alfajiri na kufika kwenye vituo vya chakula kwa wakati mmoja. Kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, uwanja mmoja kati ya Kitonga na Ilula ungeweza kupokea mamia ya watu kwa mikupuo, wale wa kutoka Dar wakipishana na wale wa kutoka Mbeya. Hakuna jiko la mkaa linaloweza kumpikia kila mmoja wao pale alipo. Kwa hiyo kila kitu hupikwa mapema. Viazi hukaangwa nusu alfajiri, hutolewa, hurundikwa kwenye deli, kisha hutumbukizwa tena mafutani basi linapopiga honi. Kuku wa kisasa huchemshwa na kuwekwa kando akisubiri kuungwa rangi. Wali huhamishiwa kwenye hotipoti kubwa, na ule unaobaki leo huchanganywa na wa kesho.

Kwa viazi, hasara ni ya ladha kwanza. Kiazi kilichokaangwa nusu na kukaa saa nne hutoa maji, na kikirudi mafutani hunywa mafuta badala ya kukauka. Halafu ni mafuta yenyewe. Yakichemshwa mara nyingi hubadilika rangi, hutoa povu na moshi mapema, na huzalisha kemikali zisizofaa mwilini. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka kikomo cha kisheria, karibu asilimia 25 ya viambata vilivyoharibika, ambacho mafuta yakikivuka lazima yamwagwe. Huku kwetu ni nadra kuukuta mgahawa wa njiani unaomwaga mafuta kwa kipimo. Humwagwa yakishakuwa meusi, wakati mwingine hata hapo hayamwagwi. Na ni vigumu kumshangaa mwenye mgahawa. Tanzania kwa miaka mingi imeagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula inayoyahitaji, na bei za mafuta ya mimea duniani zilipovunja rekodi Machi 2022, dumu lililokuwa likinunuliwa bila kufikiri likawa mali ya kufungiwa stoo. Chipsi zilianza kulegea kabla ya hapo, lakini mwaka ule uliziangusha kabisa.

Kwa wali hatari ni kubwa kuliko ladha, na ni hatari ambayo wapishi wengi hawajapata kuelezwa. Ndani ya mchele huwa kuna vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu ile haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula, linataka chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kikisubiri mlaji kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60. Hotipoti inayofunguliwa kila dakika haifiki huko. Abiria anayetapika baada ya Makambako humlaumu dereva kwa kona, kumbe wa kuulizwa ni wali.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku na mchana. Kwa jiko, jambo hili lingeweza kuwa neema: mzigo wa mchana umegawanyika, kukaanga kidogo kidogo kumewezekana. Lakini pia kumezaliwa mlaji mpya, wa saa nane za usiku, anayeshuka huku ana usingizi, kwenye baridi ya Mafinga ambayo mtu wa Dar haiwezi, na anapakuliwa kilichobaki tangu jua lilipozama. Mlaji huyu hata kuangalia sahani yake haangalii. Anataka kitu cha moto, na kikitoa mvuke anaamini kimepikwa sasa hivi.

Swali ambalo abiria huuliza zaidi ni kwa nini basi lisimame hapa badala ya pale. Jibu linajulikana kwa kila anayesafiri njia hii. Dereva na konda hula bure. Kwenye uwanja huo wana meza yao, mara nyingi ndani, mbali na dirisha la wateja, na sahani zao hupikwa upya: ugali umetoka jikoni sasa hivi, nyama imekaangwa na kitunguu kibichi, mboga ya majani imeungwa kwa karanga. Ukarimu kwa mtu aliyeshika usukani kilomita mia tano si dhambi, na abiria wote wanafaidika dereva akila vizuri. Shida ni kwamba mgahawa una mteja mmoja tu wa kumridhisha. Suka akiridhika, watu 60 wataletwa kesho, na kesho kutwa. Wale 60 hawana kura.

Ukitaka uthibitisho kwamba mpishi anajua kupika, basi, ni ile meza ya ndani.

Uhusiano huu wa wenye chombo cha safari na wenye jiko una historia ndefu kuliko lami. Reli za Marekani ya karne ya 19 zilikuwa na vituo vya chakula vya aina hiihii. Treni ilisimama dakika 20, abiria walikimbilia kwenye kibanda, walilipa kwanza, walipewa maharage yaliyochacha na kahawa ya jana, na kengele ikagongwa kabla hawajatia kijiko mdomoni. Masimulizi mengi ya enzi hizo yanasema watu wa treni walilipwa na wenye vibanda ili wawahi kuondoka, na chakula kilichoachwa kikauziwa treni iliyofuata. Aliyeubomoa mchezo huo alikuwa Mwingereza mhamiaji, Fred Harvey. Mwaka 1876 alifungua chumba cha kulia kwenye stesheni ya Topeka, Kansas, kwa makubaliano na reli ya Santa Fe. Njia yake ilikuwa nyepesi kiasi cha kushangaza. Mhudumu wa treni alipita kwenye mabehewa akiuliza nani atakula nini, idadi ikatumwa mbele kwa simu ya maandishi, na treni ilipoingia stesheni chakula kilikuwa kinatoka jikoni kwa wakati uleule. Dakika zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba jiko lilijua nani anakuja, na reli iliweka jina lake kwenye sahani. Kutoka chumba kile kimoja ikakua safu ya migahawa iliyofuata reli hadi California.

Nyanda za Juu Kusini nazo zilikuwa na somo lao la reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na treni zake za abiria zilikuwa na behewa la chakula. Waliosafiri nayo kwenda Makambako au Mbeya katika miaka yake mizuri wanalikumbuka behewa lile: meza, kitambaa, wali na kuku au samaki, chai ya asubuhi huku nje kuna ukungu. Mpishi wake hakuwa na vifaa vya ajabu, na bei haikuwa ya kitajiri. Alikuwa na kitu ambacho mpishi wa uwanja wa mabasi hana. Safari ya Dar hadi Mbeya ilichukua kama siku nzima na usiku wake, kwa hiyo mtu aliyepewa wali mbovu jioni alikuwa bado ndani ya treni asubuhi, na alikuwa na njaa, na alijua behewa la chakula liko wapi.

Stesheni nazo zilikuwa na soko lake. Mlimba, kabla treni haijaanza kupanda kuelekea Makambako, wachuuzi wa ndizi, wali na kuku walishindana dirisha kwa dirisha, na ushindani ule ulifanya kazi ambayo hakuna mkaguzi angeweza kuifanya. Uwanja wa mabasi wa leo umezungushiwa ukuta. Ndani ni mgahawa mmoja, mwenye uwanja ndiye mwenye jiko, na kinamama wenye mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha wanafukuzwa getini au wanaachwa wapitishe sahani zao kwenye madirisha ya basi. Anayenunua yai lililochemshwa na maganda yake kutoka kwa mama yule wa dirishani mara nyingi amekula salama kuliko aliyeshuka.

Sura nyingine ya biashara hii inaonekana mbali na barabara, na hiyo ndiyo inayokaribia zaidi kijiji cha Florida. Kila mwaka, kuanzia Agosti 1 hadi 8, Mbeya hupokea maonesho ya wakulima ya kanda kwenye viwanja vya John Mwakangale. Mwaka 2022 sherehe za kitaifa za Nane Nane zilifanyika hapo. Watu hutoka Rungwe, Mbozi, Iringa hata Rukwa. Kuna vitalu vya mazao vilivyostawishwa miezi kadhaa ili viive wiki hiyohiyo, kuna ng'ombe wa maziwa wanaoogeshwa kuliko watoto, kuna vichanja vya samaki na mizinga ya nyuki. Familia hutembea saa nzima ikitazama viazi, maharage na parachichi bora za nchi hii. Kisha watoto wanadai kula, na njia inawapeleka kwenye mahema ya chipsi. Mafuta ni ya siku tatu. Viazi ni vilevile vilivyotoka mlimani, Umalila au Uporoto, vikiwa vinono na vikavu, aina ambayo mkaangaji yeyote angeitamani. Vimeharibiwa mita 200 kutoka mahali vilipopewa cheti.

Sikukuu za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya mambo huwa hayohayo katika bustani za mijini, huko Mbeya, Iringa na miji mingine ya Tanzania. Mwenye bustani anafunga bembea na kuleta majumba ya upepo ya watoto kurukia. Pengine mtu anavaa vazi la panya mwenye masikio makubwa na kuzunguka akipungia mikono. Mtoto anafurahi, na furaha yake ni ya kweli, hakuna wa kuibeza. Mzazi anaagiza chipsi kuku kwa bei ya sikukuu na anasubiri saa moja na nusu. Jiko lilelile la siku za kawaida, lenye makarai mawili, linahudumia umati mara kumi. Kinachotoka ni kuku ambaye nje ameungua na ndani ana damu. Kwa kuku, damu ile siyo suala la mapishi tu. Bakteria kama Salmonella hufa nyama ikiiva hadi kwenye mfupa, na kabla ya hapo hawafi. Watoto wadogo ndio huumia kwanza.

Wapo wanaofanya tofauti, na ukiwatazama kwa makini utaona karibu wote wana mlaji anayerudi. Madereva wa malori yanayopeleka mizigo Tunduma, Zambia na Kongo hupita njia hii wiki baada ya wiki. Wao hawana konda wa kuwachagulia. Vibanda wanavyosimama, Igurusi, Makambako, Mafinga, ni vya mabati na meza za mbao, na ndani yake mama anamjua mteja wake kwa jina la lori. Hapo ugali unasongwa mtu akiwa ameketi. Mnafu umeungwa, maharage yana nazi au karanga, samaki wa kutoka Mtera yupo, na mtu akisema leo chumvi imezidi, mama anasikia, kwa sababu Alhamisi mtu huyo atapita tena. Mwanjelwa na Soko Matola, Mbeya mjini, mama lishe wanaowalisha wachuuzi na wapagazi kila siku hawawezi kuthubutu kutoa kiporo. Wateja wao wako hatua 30 kutoka kwenye jiko na wana sauti.

Kilomita kama 50 kutoka Iringa, kwenye barabara ya kwenda Mbeya, shamba la kale la Kisolanza limewalisha wasafiri wa masafa marefu kwa miaka mingi kwa mboga, nyama na mayai ya shambani, na wasafiri hupanga safari yao nzima ili walale hapo. Iringa mjini kuna Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambayo mkahawa wake huhudumiwa na vijana viziwi; mteja huandika anachotaka kwenye karatasi na hujifunza ishara ya kushukuru. Wageni wengi huja kwa ajili ya habari hiyo. Mahali kama hapo pangeweza kuishi kwa huruma ya watu na kutoa kahawa yoyote ile. Palichagua kuwa mkahawa kwelikweli, wenye watu wa Iringa wanaorejea kwa kahawa na keki, na hiyo ni heshima kwa vijana wanaofanya kazi pale kuliko tangazo lolote.

Upande wa sheria, nchi haijakaa bure. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya wa halmashauri uwezo wa kukagua majengo ya chakula, na wanaoshika chakula wanatakiwa kupimwa afya mara kwa mara. Mwaka 2019 majukumu ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya TFDA yalihamia Shirika la Viwango, TBS. Lakini afisa afya akifika anaangalia sakafu, choo, makoti meupe na vyeti. Vyote hivyo ni muhimu. Hapimi joto la hotipoti saa nane mchana wala rangi ya mafuta saa kumi na mbili jioni, na vifaa vya kufanyia hivyo, kipimajoto cha chakula na vijikaratasi vya kupimia mafuta, ni vitu vidogo vinavyoingia mfukoni. Halmashauri za Kilolo, Mufindi na Mbarali, ambazo barabara inapita katikati yake na ambazo hukusanya ushuru kutoka kwa biashara hizi, zina sababu nzuri ya kuvinunua. Matokeo yakibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, pamoja na bei, abiria atajua kabla hajalipa.

Hata hivyo mkaguzi mmoja hawezi kusimama badala ya watu 60. Nguvu ya kweli ingekuja kama abiria angepewa kile ambacho Harvey aliwapa watu wa Kansas kwa simu ya waya. Leo kila kiti cha basi kina simu ya mkononi. Tiketi mtandao, zinazosimamiwa na LATRA, tayari zinabeba jina la abiria, namba ya kiti na saa ya kuondoka. Nafasi ya kuandika wali maharage au ndizi nyama haihitaji teknolojia mpya, na malipo kwa simu Watanzania wameyazoea tangu 2008. Kampuni ya basi ingeingia mkataba na migahawa miwili au mitatu badala ya mmoja, ikaiacha ishindane, na abiria akachagua akiwa bado Mikumi, kabla hajaingia Iringa. Ikitokea malalamiko, yangekwenda kwa kampuni iliyomuuzia tiketi, ambayo, tofauti na mgahawa, inamtaka arudi.

Kuna kampuni zitakazosema dereva atakosa chakula chake cha bure. Na apewe, tena mezani pamoja na abiria wake, kutoka sufuria moja. Kutoka Mikumi hadi Ilula, ukihesabu na malori yanayotambaa Kitonga, basi hutumia zaidi ya saa mbili. Wali wa Mbarali huiva kwa nusu saa, maharage yakiwa yamekwisha chemshwa huungwa kwa robo saa, na kuku wa kukaanga, akipikwa tangu mwanzo bila kuharakishwa, hahitaji hata saa moja.